Ukingo wa Kushoto

9 Januari

Mwanangu Mpishi,

Salamu nyingi. Hujambo? Kazini wazima? Sisi huku tu wazima. Goti langu bado linanichagulia pa kukaa, lakini hayo ni mambo ya umri, hayana daktari. Baba yako anakusalimu. Amenunua redio mpya, kwa hiyo sasa anagombana na watangazaji wapya.

Kadi ya kamera iko ndani ya bahasha, nimeifunga kwenye kitambaa. Nimempa kondakta yule mwenye mwanya, maana mwenzake mara ya mwisho alikaa na bahasha kwenye koti mpaka nikamfuata nyumbani kwake. Humo mna mtoto wa mwenye saluni, mna mume na mke waliotaka picha ya ukutani, na mna fundi seremala amekaa na randa yake mapajani.

Safisha, chapa, rudisha. Usipike. Narudia kwa sababu mara ya mwisho ulimfanya mwenye saluni awe na ngozi ya sahani ya udongo. Alikuja hapa kufurahi, nikashindwa kumwambia kwamba anayemfurahia si yeye. Picha hupigwa, haipikwi. Wewe kazi yako ni ya mtu wa usafi: akimaliza, wageni waone nyumba, wasione ufagio.

Jambo la pili. Mbona siku hizi unazibana picha zangu? Yule mzee wa kofia nilimwachia nafasi kushoto, upande anaotazama, ili macho yake yapate pa kwenda. Umemrudisha pua inataka kugonga fremu. Kama ni kubana karatasi, sema nikutumie karatasi.

Kula vizuri. Najua unakula umesimama.

Shangazi yako

—

21 Januari

Shikamoo Shangazi,

Natumai goti limepungua ukali. Mimi sijambo. Kazini bado tunachapa maboksi ya sabuni. Wiki nzima nimekuwa nikiondoa mng'aro kwenye mapovu, kwa hiyo kadi yako inapofika nashukuru kuona nyuso za watu.

Mzee wa kofia nilimkata kwa sababu ile ndoo ya mchanga unayozuilia mguu wa taa ilikuwa imeingia kwenye picha. Nilikuwa na njia mbili, kuifuta au kuikata, nikaikata. Kwa mume na mke nimefanya vivyo hivyo, na kwa seremala pia. Nilidhani umeiacha makusudi, ukijua nipo.

Sikulaumu. Kusema kweli nimefurahi. Miaka yote hiyo umenihubiria kwamba anayejua kupiga hahitaji wa kusafisha, na mimi nikakujibu kwamba picha nusu yake iko kwenye kamera na nusu iko kwenye kompyuta. Sasa naona umelegeza kamba. Huku wote wanafanya hivyo, wanapiga kwa upana halafu wanakata baadaye. Karibu kwetu, Shangazi. Chai ipo.

Msalimie baba, na redio.

Mwanao

—

2 Februari

Mwanangu Mpishi,

Marahaba. Hujambo? Mimi sijambo, na sijalegeza kamba yoyote.

Ndoo ipi? Ndoo ile inakaa pale tangu wewe hujaota meno na haijawahi kuingia kwenye picha yangu hata siku moja. Kabla sijabonyeza, natembeza jicho kona zote nne, kama mtu anayekagua milango kabla ya kutoka nyumbani. Nilifundishwa hivyo enzi za filamu, ambapo kosa lilikuwa linakula pesa na siku tatu. Picha niliyokutumia ya seremala haina ndoo. Ina seremala.

Na usiniambie nitazame kile kioo cha nyuma ya kamera. Nilikibandika plasta siku uliponiletea kamera hiyo na plasta itabaki. Kupiga halafu kuchungulia ni sawa na mwanafunzi kuandika mtihani kitabu kikiwa wazi. Ama umeona, ama hukuona.

Sasa kazi. Chuo cha ushonaji nyuma ya ghala la mbao kinawaaga wanafunzi wake mwishoni mwa wiki. Mwalimu wao anataka picha moja ya darasa zima, kila mmoja apewe yake. Wamejishonea sare wenyewe, rangi ya maji ya bahari, na hakuna kola mbili zinazofanana. Nitawapanga mbele ya ukuta wao wa chokaa, jioni ukuta ukiwa kivulini. Kadi itakufikia na kondakta wa mwanya.

Baba yako anasema na wewe umsalimie mkeo utakayemwoa.

Shangazi yako

—

24 Februari

Shikamoo Shangazi,

Natumai nyote wazima. Mwambie baba mke atakuja akishapatikana.

La ndoo tuliache. Wewe ni mkubwa, ukisema haikuwepo, basi haikuwepo. Naiondoa na kunyamaza.

Picha za chuo hizi hapa, nimechapa za darasa zima na ziada mbili. Mwanga umeutendea haki. Ule ukuta umekuwa kama karatasi nyuma yao na kila mshono unasomeka. Nilichofanya ni kidogo. Mwisho wa mstari wa nyuma, upande wa kushoto, palikuwa na kipande cha bega na nusu ya sikio la mtu, nadhani mpita njia. Nimevitoa na kuuendeleza ukuta. Hata ukiitafuta alama kwa darubini huipati.

Nakula nimekaa siku hizi. Nimenunua kiti.

Mwanao

—

6 Machi

Mwanangu,

Hujambo. Hatujambo.

Sentensi yako ya bega sikuielewa nilipoisoma. Niliona unajisifu tu, nikazipeleka picha chuoni. Jana nimeielewa.

Kuna mwanafunzi mmoja mrefu, wenzake wanamwita Twiga, na yeye mwenyewe huitika. Nilimweka mwisho wa mstari wa nyuma kwa mkono wangu ili asimfunike mtu. Jana amekuja studio na picha yake. Ameiweka juu ya meza, akapitisha kidole mstari wa nyuma mpaka mwisho, akakirudisha mpaka mwanzo. Halafu akaniuliza, "Mama, mimi mmenitoa kwa sababu gani?"

Hakuuliza kwa ukali. Ningependa angenitukana. Yule mama alisoma kushona huku ukweni wanamcheka, wanamwambia hata tundu la sindano hataliona kutoka kule juu. Alitaka picha aipachike sebuleni na asiseme neno. Sasa ana picha ya darasa ambalo hakusoma.

Nilimwambia ni mtu wangu wa kompyuta aliyemtoa. Sijawahi kukusema mbele ya mteja, na jana nimekusema. Yule si mpita njia na si bega. Nilimpanga, nilimwona, nikabonyeza. Wewe umemchukua mtu mzima na kumgeuza ukuta kwa sababu umezoea kufuta.

Kadi sitatuma tena mpaka unieleze.

Shangazi yako

—

13 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumai mko salama.

Naambatanisha picha ya darasa kama ilivyotoka kwenye kamera. Sijaigusa. Nimechapa pia nyingine ulizonitumia tangu mwezi wa Septemba, zote kama zilivyonifikia. Nyuma ya kila moja nimeandika tarehe. Utaiona ndoo. Utaona yule mume wa picha ya ukutani hana kiwiko, na mtoto wa mwenye saluni ana kiatu kimoja. Hayo yote nimekuwa nikiyatengeneza bila kusema, nikidhani unajua.

Sikumtoa mtu mzima. Uliniletea bega.

Sipendi kusemwa mbele ya watu kwa kosa ambalo nimekuwa nikilifunika bure. Labda sasa utakubali kwamba picha zako zimesimama kwa sababu kuna mtu anazipika.

Mwanao

—

10 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Habari za huko? Sijapata jibu. Nimemtuma kondakta wa mwanya apite, amerudi kuniambia studio imefungwa na mwenye saluni hasemi kitu. Baba hapokei simu, au redio inampigia kelele.

Kama ni hasira, kasirika kwa barua. Nitaipokea.

Mwanao

—

5 Mei

Mwanangu,

Salamu. Natumai hujambo. Mimi nitakueleza nilivyo.

Picha zako zilinifikia, nikazisoma pale mgongoni ulipoandika tarehe, nikazipanga mezani kuanzia Septemba. Nilikaa kwanza nitafute jibu la kukujibu, maana ile sentensi yako ya mwisho ilinichoma. Nikazitazama moja moja. Nilichokiona ni kwamba makosa yote yako kushoto. Ndoo kushoto, kiwiko kushoto, kiatu kushoto, na Twiga kushoto. Kulia hakuna hata moja. Kulia nimepima kama kwa rula. Mtu mlegevu hukosea pande zote. Na kila mwezi ukingo ulikuwa umeingia ndani zaidi ya mwezi uliopita.

Nikaifunga kamera kwenye miguu yake mitatu, nikailenga kwenye kiti, ndoo ikiwa ndani kabisa ya picha. Nikafumba jicho la kushoto kama nifanyavyo siku zote, nikachungulia kwa la kulia. Ndoo haikuwepo. Usidhani niliona giza au ukungu. Mahali pa ndoo palikuwa na sakafu, sakafu safi, imeendelezwa vizuri hata alama hakuna. Nikafumbua macho yote mawili, ndoo ikarudi. Nikafumba tena, ikaondoka. Nimefanya hivyo mpaka mwenye saluni akaja kuuliza kama nimepata wazimu.

Hospitali nilikwenda na baba yako, aliyegombana na mtu wa mapokezi mpaka tukaingia mapema. Ni presha ya macho. Haiumi na haina haraka, inakula pembeni ikielekea katikati. Jicho la kulia limeliwa sana. La kushoto limeanza, kidogo. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki nimepewa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yangu yote. Kuhusu ile sakafu, daktari ameniambia ubongo ukikosa kitu hujaza pengo kwa kilicho jirani yake. Kumbe hata humu kichwani nilikuwa na mpishi.

Nikitembea barabarani sikuwa najua chochote, kwa sababu jicho moja lilikuwa linamsaidia mwenzake. Ni kwenye kamera tu ndipo la kulia hubaki peke yake. Daktari alishangaa. Akasema mtu anayefanya kazi kwa jicho moja angekuwa wa kwanza kugundua, sasa imekuwaje nimechelewa hivi? Nikamwambia picha zangu zilikuwa zinarudi safi.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi sikuyaficha, yalifichwa kwa niaba yangu. Sikuandikii haya nikulaumu. Plasta niliibandika mwenyewe. Nakuandikia kwa sababu uliuliza studio imefungwa kwa nini.

Shangazi yako

—

14 Mei

Shikamoo Shangazi,

Sijui niulizeje hali yako baada ya barua ile. Nauliza hivyohivyo: unaonaje leo?

Nimerudi kwenye kompyuta na kufungua picha zako zote, na ni kama ulivyosema. Mtu yeyote angeona. Mimi ndiye niliyekaa na ukingo ule miezi yote hiyo, naukuza, naukata, naufuta, na sikujiuliza kwa nini ni upande mmoja. Nilikuwa najipongeza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, Shangazi. Kila ndoo niliyoikata niliihesabu kama bao langu katika ubishi wetu. Kama ungekuwa mteja nisiyemjua ningekupigia simu mwezi wa kwanza na kukuambia bibi, kuna tatizo kwenye mashine yako.

Ile sentensi niliyokuandikia naona aibu hata kuitaja. Nakuomba uisamehe kama huwezi kuisahau.

Naweza kuomba ruhusa nije. Au nikiacha kabisa kugusa picha zako, nitaelewa.

Mwanao

—

1 Juni

Mwanangu Mpishi,

Marahaba. Leo naona vizuri kile ninachokitazama. Nisichokitazama ndicho sikioni, na hiyo ni tabia ya watu wengi wenye macho mazima.

Usije kunililia hapa, nina wateja. Nimefungua studio. Najifunza kupiga kwa jicho la kushoto, na ni kama kujifunza kuandika kwa mkono mwingine. Pua inabanwa na kamera, natoka na alama kama niliyepigwa. Plasta nimeibandua ili nikubali kushindwa, nikakuta kioo chenyewe kimekufa zamani. Cheusi tii. Basi kazi ya kunichungulia inabaki kwako.

Katika kadi, pamoja na wateja wengine, yupo Twiga bila darasa lake. Nilimwita na sare yake, nikarudi naye kwenye ukuta uleule. Jua limehama tangu Februari, kwa hiyo sikufuata saa. Nilichukua picha ya darasa mkononi nikangoja mpaka kivuli cha paa kikafika pale pale kilipokuwa chini ya dirisha. Kamera nimeiweka urefu ule ule, usawa wa kifua cha mwalimu, na hatua zilezile kutoka ukutani. Nilimweka mtu mwingine asimame jirani yake, upande wa kulia wa picha, ili ajue bega la jirani linaishia wapi. Huyo mwingine ni baba yako. Mfute bila huruma.

Twiga mpike. Mrudishe mahali pake mwisho wa mstari, na usimpunguze urefu ili fremu ipendeze. Nimewahi kusema picha haipikwi. Bado nasema. Lakini aliyekuwa jikoni tangu mwanzo, halafu akaachwa nje ya sahani kwa kosa langu, huyo apakuliwe.

Na kuanzia leo kila picha yangu utanirudishia mbili: ilivyotoka kwenye kamera, na ulivyoitengeneza. Kosa unionyeshe kwanza, ndipo ulitengeneze.

Shangazi yako

—

12 Juni

Shikamoo Shangazi,

Natumai dawa unaitia, asubuhi na jioni, na si asubuhi tu ukikumbuka. Mimi sijambo.

Twiga amerudi. Nilitenga jioni mbili kwa kazi ile, ikanichukua muda wa kunywa chai. Kivuli chini ya kidevu chake kimelala upande uleule na vya wenzake, na ukuta nyuma yake ni weupe uleule. Kila nilipotafuta cha kurekebisha sikukiona. Picha ile kama ingepigwa vibaya, ningeweza kuhangaika mwezi mzima na bado angeonekana amebandikwa kama stempu. Nilichofanya mimi ni kumfungulia mlango tu, kutembea katembea mwenyewe.

Nimechapa za darasa zima upya ili wote wawe na picha moja, gharama juu yangu. Na hizi hapa ni zile nyingine, mbilimbili kama ulivyoagiza. Kwa jicho la kushoto kona zako zote nne zimefungwa. Mwenye saluni amekatwa nywele kidogo juu, lakini hilo ni kwa sababu amezisimamisha.

Baba nimemfuta. Alikuwa amefumba macho hata hivyo.

Mwanao

—

28 Juni

Mwanangu Mpishi,

Salamu. Hujambo? Huku wazima.

Twiga amekuja na mume wake. Nimewaambia wazi jinsi ilivyotengenezwa, kwamba wenzake ni wa Februari na yeye ni wa Mei, maana sitaki mtu aje aseme nimeuza uongo. Mume akauliza sasa hiyo ni picha ya kweli au si ya kweli. Twiga akanitangulia kujibu. Akasema yeye mambo ya kompyuta hayajui. Anachojua ni kwamba siku ile alikuwepo, na sasa yupo.

Wamenunua na fremu.

Sentensi yako nimeisamehe. Kuisahau tupe muda, niliisoma mara nyingi.

Shangazi yako

—

19 Septemba

Shikamoo Shangazi,

Natumai umeamka salama. Naandika kabla ya kumaliza kuchapa kwa sababu hili haliwezi kungoja picha zote.

Ni upande wa kulia sasa. Nimeona kwanza kwenye picha ya wale dada wawili, mmoja amekatwa vidole. Nikasema ni bahati mbaya. Halafu kwa mwalimu wa ushonaji, kitasa cha mlango kimeingia, na wewe kitasa kile hukipendi. Nikarudi kwenye kadi ya Agosti, nikakuta dalili ndogo ambazo sikuzijali. Juni palikuwa safi. Kuanzia Julai ukingo wa kulia umeanza kuingia ndani, na unakuja kwa kasi kuliko ule wa kushoto ulivyokuja.

Maana yake dawa haizuii, au haizuii vya kutosha. Sijui, mimi si daktari. Najua kingo tu.

Nakiri jambo moja. Ile ya wale dada niliirekebisha dakika ileile niliyoiona, kabla sijawaza. Vidole nilivitengeneza kutoka mkono wa pili, vikatoka vizuri. Nikaitazama ikiwa imekamilika na nikatamani sana iwe ndivyo ilivyokuja. Kisha nimeifuta. Uliyonayo kwenye bahasha ni ilivyotoka kwenye kamera, na hizo nyingine pia. Safari hii sikukutumia zilizotengenezwa. Zipeleke zote kwa daktari, zimeandikwa tarehe.

Usingoje miadi yako ya Desemba. Nenda Jumatatu. Nimeshamwambia bosi kwamba naweza kuondoka wakati wowote.

Mwanao

—

27 Septemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Natumai hujambo na kwamba bado kiti hujakiuza.

Nimekwenda Jumatatu kama ulivyosema. Daktari alizipanga picha mezani kwake, akazitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoyatazama macho yangu. Akapima presha, akakuta imepanda. Anasema kama ningengoja Desemba nisingekuwa na cha kumletea. Matone yameshindwa, kwa hiyo watalipasua jicho la kushoto, ndilo zuri, ili presha ishuke. Ni Alhamisi ya wiki ijayo.

Hakuniahidi kitu. Amesema upasuaji ni wa kulinda, si wa kurudisha, na wapo wanaofunguliwa bandeji wakiwa wanaona pungufu kuliko walivyoingia. Amelisema polepole ili nilisikie, na nimelisikia.

Njoo Jumatano. Baba yako atakuwepo, lakini atagombana na wauguzi, na nataka mtu wa kusikiliza wanachosema. Kuna binti wa mwenye saluni anataka picha Ijumaa na sitaki kumrudisha. Utampiga wewe. Najua hujawahi kushika kamera bila kutetemeka. Utapiga vibaya, kompyuta yako haitakusaidia sana, na mimi nitakwambia hivyo bandeji ikiwa bado iko usoni. Ndoo ya mchanga isukume mbele kidogo, taa ile inapenda kuanguka.

Kuna jambo moja nataka ulijue kabla hujafika, kwa sababu ukifika nitakwambia siogopi. Baba yako nimeshamwambia hivyo, na mwenye saluni, na daktari. Wewe usiniamini. Naogopa, mwanangu.

Shangazi yako